Dalali anataka funguo zote na miezi sita ya peke yake: tumkabidhi nyumba?

Mpendwa Mshauri,

Mimi na mdogo wangu wa kiume tulirithi nyumba ya wazazi wetu miaka mitatu iliyopita. Ni nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, yenye ua mdogo nyuma, na majina yetu sote wawili yamo katika hati. Mimi ninaishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Mdogo wangu yuko karibu na nyumba, lakini kazi yake ni ya zamu, na mara nyingi watu wanaotaka kuiona nyumba hupiga simu akiwa kazini au amelala.

Mpangaji wetu wa kwanza tulimpata kupitia mtu tunayefahamiana naye. Alikaa miezi kumi na tisa. Mwaka wa kwanza alilipa vizuri, kisha akaanza kulipa nusu nusu, na mwishowe akahama usiku akiwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Nilipokwenda kuiangalia nyumba nilikuta amechukua hata balbu, bomba la jikoni linadondosha maji, na ukutani pamebaki alama ya mraba mahali palipokuwa na kioo cha mama. Hatukuwa na mkataba wa maandishi, wala picha hata moja ya kuonyesha namna nyumba ilivyokuwa alipoingia, kwa hiyo hatukuwa na pa kuanzia kumdai.

Sasa nyumba imekaa tupu kwa miezi minne. Mdogo wangu alitundika kibao getini; watu wanapiga simu, wanauliza kodi, wanaahidi kuja, na hawaji. Ndipo nikafikiri tutafute dalali, nami nimekwisha kuzungumza na wawili.

Wa kwanza anataka kodi ya mwezi mmoja akishampata mpangaji, na hapo kazi yake inakuwa imekwisha. Alipokuja kuiona nyumba nilikuwepo. Hakukaa hata dakika kumi wala hakufungua bomba lolote, lakini alipofika getini alitaja kodi inayozidi kwa robo ile tuliyokuwa tukitoza, akasema ana watu wanaosubiri nyumba ya aina hiyo. Ameniletea mkataba wa ukurasa mmoja unaosema kwamba atakuwa dalali wetu pekee kwa miezi sita, kwamba tumkabidhi funguo zote, na kwamba kodi ya kwanza pamoja na amana vitapitia mikononi mwake.

Wa pili ni mama mwenye ofisi yake, ambaye anataka asilimia kumi ya kodi ya kila mwezi, naye atatafuta mpangaji, atakusanya kodi na atasimamia matengenezo. Huyu alikaa karibu saa nzima, akapima vyumba, akauliza paa lilikarabatiwa lini, kisha akataja kodi iliyo chini kidogo ya ile ya zamani, jambo ambalo, nikisema kweli, liliniudhi.

Mdogo wangu anasema madalali wote ni wale wale, na kwamba fedha za kuwalipa ni afadhali tukapake nyumba rangi. Mimi nimechoka na nyumba tupu na ninakaribia kutia saini kwa yule wa kwanza. Je, inafaa kumlipa mtu kwa kazi ambayo kibao kingeweza kuifanya? Na kama inafaa, nimchague yupi, na niandike nini katika mkataba ili yaliyotupata yasitupate tena?

Wako,
Dada wa Mbali

*

Dada wa Mbali,

Pokea pole kwa kodi ya miezi mitatu na kwa kioo cha mama, ambacho nadhani ndicho kilichokuuma zaidi.

Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu likikosewa mengine yote hayatasimama. Umesema hati ina majina mawili. Basi usitie saini peke yako mkataba wowote na dalali, hata kama wewe ndiye mkubwa na ndiye unayehangaika. Dalali hupata mamlaka yake kutoka kwa wenye mali, na mwenye mali mmoja hawezi kumpa mamlaka ambayo ni ya wawili. Mpangaji akija kugundua kwamba mmoja wa wamiliki hakuridhia, au mdogo wako akimwambia getini kwamba hamtambui, mtakuwa na ugomvi wa pande tatu ndani ya nyumba moja. Nyote wawili mtie saini, au mdogo wako akupe idhini ya maandishi ya kumwakilisha katika jambo hili. Zaidi ya hayo, pingamizi lake lina maana kuliko linavyosikika. Hasemi tu kwamba madalali ni wabaya. Anauliza fedha hiyo itanunua nini. Ni swali zuri, tulijibu kwa hesabu.

Nyumba iliyokaa tupu miezi minne imepoteza theluthi moja ya mapato ya mwaka. Kodi ya mwezi mmoja anayoitaka dalali wa kwanza ni sehemu moja ya kumi na mbili ya mapato hayo. Kwa hiyo kama dalali anaweza kupunguza muda wa nyumba kukaa tupu kwa zaidi ya mwezi mmoja tu, amekwisha kujilipa. Kibao getini hakiwezi kufanya hivyo peke yake, kwa sababu kibao hakipokei simu wala hakifungui mlango. Watu wanaopiga na wasifike si lazima wawe wazembe. Wengi wao wamepata mahali pengine palipokuwa na mtu wa kuwafungulia siku hiyo hiyo. Hapo ndipo penye tatizo lenu, na ndiyo maana mimi ninaamini kwamba katika hali yenu dalali anafaa, ingawa mtu anayeishi jirani na nyumba yake na mwenye muda wa jioni ningemshauri ajitafutie mwenyewe.

Sasa kuhusu ile robo ya nyongeza iliyokupendeza. Tuseme kodi ya kawaida ya nyumba kama yenu ni 100 kwa mwezi, kwa fedha yoyote ile. Mkipangisha leo kwa 100, mwaka utawaletea 1,200. Mking'ang'ania 125 na nyumba ikakaa tupu miezi mitatu zaidi kabla ya kumpata anayekubali, mtapokea miezi tisa mara 125, yaani 1,125. Utasema mwaka wa pili utafidia, na ni kweli, endapo mpangaji atabaki. Lakini anayelipa zaidi ya majirani zake hugundua haraka, na mkataba unapokwisha huhama. Wapo madalali ambao hutaja kodi kubwa makusudi ili mwenye nyumba awape kazi, kisha baada ya wiki sita humpigia simu na kumwambia kwamba soko limekuwa gumu, tupunguze. Kufikia hapo amekwisha kufungwa na mkataba wa miezi sita na hawezi kwenda kwa mwingine.

Dawa yake ni swali moja. Mwambie akutajie nyumba tatu za ukubwa kama huo, katika eneo hilo hilo, alizozipangisha yeye katika miezi ya karibuni, na kodi ambayo wapangaji walikubali kulipa. Sisitiza hilo la mwisho, kwa maana kodi iliyoandikwa kwenye tangazo ni ombi tu la mwenye nyumba. Yule mama aliyekuudhi, muulize swali hilo hilo. Inawezekana naye anashusha kodi ili apate mpangaji kwa urahisi, maana asilimia kumi ya 95 si mbali sana na asilimia kumi ya 100, ilhali kwenu ninyi pengo ni kubwa mara tisa ya lake.

Hilo linanileta kwenye kiini cha barua yako. Kabla ya kuuliza kama dalali ni mwaminifu, uliza analipwa siku gani na kwa jambo gani, kwa sababu mtu mwaminifu pia hufuata mkondo wa ujira wake. Dalali wako wa kwanza analipwa siku mpangaji anapotia saini. Mpangaji akilipa miezi kumi na miwili au miwili tu, kwake ni sawa. Tena mpangaji akihama mapema, mtamwita atafute mwingine, naye atalipwa kodi ya mwezi mwingine. Yule mama analipwa mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo ana sababu ya kumtaka mpangaji atakayedumu. Kwa hesabu ile ile ya 100 kwa mwezi, mwaka wa kwanza dalali wa kwanza atawagharimu 100 na mama 120. Tofauti ni ndogo. Lakini mpangaji akikaa miaka mitatu, wa kwanza atakuwa amechukua 100 tu, na mama 360. Kwa hiyo mnayonunua kwa mama ni usimamizi, na muulizane kama mnauhitaji. Mdogo wako akiweza kupokea taarifa ya benki kila mwezi na kumwita fundi mara mbili kwa mwaka, pengine hamuuhitaji. Kwa uzoefu wenu wa kodi ya nusu nusu, ambayo hakuna aliyeifuatilia hadi ikafika miezi mitatu, mimi ningeuchukua angalau kwa mwaka wa kwanza.

Mkimchagua mama, kuna maneno mawili ya kuyaangalia kama mtu anayesoma dawa kabla ya kuinywa. Mkataba useme kwamba asilimia kumi inakatwa kwenye kodi iliyokusanywa. Ukisema kodi inayodaiwa, atalipwa hata mwezi ambao ninyi hamkulipwa, na ile faida ya kuwa upande wenu imetoweka. Neno la pili ni matengenezo. Wekeni kiwango ambacho juu yake hawezi kumwita fundi bila ridhaa yenu ya maandishi, na kila kazi iambatane na risiti ya fundi mwenyewe pamoja na picha ya kabla na ya baada, kwani hapo ndipo fedha nyingi huvuja bila mtu kuonekana ameiba: kitasa kinanunuliwa kwa bei moja na kuandikwa kwa bei nyingine.

Kuna aina ya tatu ya ujira ambayo hukuitaja, nami naomba uiulizie kwa wote wawili. Je, wanawatoza fedha watu wanaokuja tu kuiona nyumba? Dalali anayelipwa kwa kuonyesha hupata riziki kwa kila mlango anaoufungua, na nyumba inayompa riziki nzuri zaidi ni ile isiyopangishwa kamwe. Nimewahi kuona nyumba ya namna hiyo, iliyotembelewa na watu wengi kwa wiki kadhaa, huku mwenyewe akishangaa mbona hakuna anayeipenda. Ilikuwa imepandishiwa kodi bila yeye kujua. Katika nchi nyingine suala la nani amlipe dalali limewekewa sheria: nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Juni 2015, aliyemwagiza dalali wa nyumba ya kupanga ndiye anayemlipa, na England, tangu tarehe 1 Juni 2019, wapangaji hawatozwi tena ada nyingi walizokuwa wakitozwa na mawakala. Mahali ulipo, uliza sheria inasemaje; lakini hata pasipo na sheria, unaweza kuandika katika mkataba wako kwamba dalali hatapokea chochote kutoka kwa upande wa pili bila ninyi kujua.

Kuhusu miezi sita ya kuwa dalali pekee, sikatai wazo lenyewe. Nyumba inayotangazwa na madalali watano huonekana sokoni kwa kodi tano tofauti, wapangaji huanza kushuku kwamba ina kasoro, na mara nyingi madalali wawili hudai kwamba mpangaji mmoja ni wao. Anayejua kwamba juhudi zake hazitavunwa na mwingine hujitahidi zaidi, hupiga picha nzuri, na huja anapoitwa. Ila miezi sita ni mingi mno kwa mtu ambaye hujawahi kufanya naye kazi. Mpe wiki sita, au nane kwa upeo wa juu, na mkataba uishe wenyewe bila kujihuisha. Soma pia kama karatasi inasema yeye ni dalali pekee, au inampa haki pekee ya kupangisha. Maneno yanafanana lakini hayalingani. Kwa kawaida, katika hali ya kwanza, mkipata mpangaji wenyewe, tuseme mfanyakazi mwenzake mdogo wako, hamdaiwi kitu. Katika hali ya pili mtamlipa dalali hata kama hakuhusika. Kwa kuwa kibao bado kipo getini, andikeni waziwazi kwamba mpangaji anayetokana na kibao au na ninyi wenyewe hana ujira wa dalali. Angalieni vilevile kama anadai malipo mapya kila mpangaji yule yule anapoongeza mkataba, kifungu ambacho hupenda kujificha mwishoni mwa ukurasa.

Kuhusu fedha na funguo, jibu langu ni la mkato: fedha zisipitie kwake. Ipo kanuni ya uwakala inayotambuliwa katika nchi nyingi, kwamba mpangaji akimlipa mtu ambaye ninyi mmemruhusu kupokea, au mmemfanya aonekane ana ruhusa, mpangaji huyo amewalipa ninyi. Dalali akitoweka na kodi ya kwanza na amana, mpangaji atakuwa na haki ya kuingia na amana yake itabaki kuwa deni juu yenu. Kodi ya kwanza iingie katika akaunti yenu, na ninyi ndio mumlipe dalali ujira wake mpangaji akishakabidhiwa funguo, kwa stakabadhi. Amana nayo si mapato. Itunzeni mahali ambapo hamtaigusa, au palipoelekezwa na sheria ya kwenu kama ipo, maana siku mpangaji akihama mtatakiwa kuirudisha au kueleza kwa nini hamuirudishi. Mkimpa mama kazi ya kukusanya kodi, awe na akaunti maalumu ya fedha za wateja iliyotengwa na yake binafsi, na mkataba utaje siku ya mwezi ambayo lazima fedha ziwafikie.

Funguo, mpeni seti moja, kwa kuandikiana. Moja ibaki kwa mdogo wako. Kila anayeingia kuiona nyumba aandikwe jina na namba ya kitambulisho, na dalali awepo mwanzo hadi mwisho. Mtu mwenye funguo zote za nyumba tupu anaweza kuwapangishia watu wawili kwa siku moja na kupokea amana mbili. Mkataba wake ukiisha, badilisheni kitasa hata kama amerudisha funguo, kwa sababu funguo huchongwa.

Jambo ambalo ningependa ulitilie uzito kuliko yote ni uchaguzi wa mpangaji. Mpangaji wenu wa kwanza aliletwa na mtu mnayefahamiana naye, mkaichukua sifa yake kuwa uchunguzi. Ukitia saini kwa dalali huku ukidhani kwamba kuchunguza ni sehemu ya kutafuta, utakuwa umerudi pale pale. Muulize kila mmoja: kabla ya kuniletea mtu, unathibitisha nini, kwa njia gani, na nitaona karatasi gani? Mimi ningetaka kitambulisho halisi kilichoonwa kwa macho. Uthibitisho wa kipato, ambacho kwa kipimo kinachotumiwa na wengi kisipungue mara tatu ya kodi. Na mazungumzo na mwenye nyumba wa awali. Hapa pana ujanja kidogo. Mwenye nyumba wa sasa anaweza kumsifu mpangaji msumbufu ili amwondokee. Anayesema kweli ni yule wa kabla yake, ambaye hana tena cha kupata wala kupoteza. Na simu ya mwajiri itafuteni wenyewe, msiipokee kutoka kwa mwombaji, kwani wapo walioongea na "meneja" aliyekuwa ni binamu yake tu. Taarifa hizo zikiwafikia, ninyi wawili ndio mnaosema ndiyo au hapana. Ila hapana hiyo iwe juu ya kulipa na kutunza nyumba; msimwagize dalali awachuje watu kwa kabila, dini, ulemavu au kwa kuwa wana watoto, jambo ambalo si haki na ambalo katika nchi nyingi litawaingiza matatani ninyi pamoja naye.

Siku ya kuingia, mdogo wako aombe ruhusa kazini. Dalali wa kulipwa mara moja mara nyingi kazi yake inaishia mlangoni, na kilichowaponyoka mara ya kwanza kilianzia hapo hapo mlangoni. Mtembee na mpangaji chumba kwa chumba, mfungue kila bomba, muwashe kila taa, muandike usomaji wa mita za maji na umeme, idadi ya funguo, nyufa na mikwaruzo iliyopo, mpige picha zenye tarehe, kisha wote mtie saini chini ya kila ukurasa na kila upande ubaki na nakala. Saa moja na nusu inatosha kwa nyumba ya vyumba vitatu. Na vitu vya wazazi vyenye thamani moyoni visiachwe ndani.

Kabla ya hapo, mchunguzeni dalali kama mtakavyomchunguza mpangaji. Penye leseni au daftari la serikali la mawakala, jina lake liwemo. Akupe majina ya wenye nyumba watatu, mmoja wao awe ambaye mpangaji wake amekwisha kuhama, kwa sababu huyo anajua mwisho wa hadithi. Kisha mwombe rafiki yako ampigie simu akijifanya anatafuta nyumba iliyo kwenye mojawapo ya matangazo yake. Akipokea kwa adabu, akajua nyumba anayoitangaza na akapendekeza siku ya kuiona, hivyo ndivyo atakavyowapokea wapangaji wenu. Simu ikiita mara tatu bila jibu, au akimwambia kwamba hiyo imekwisha lakini anayo nyingine ya ghali zaidi, umepata jibu kwa gharama ya simu moja.

Kama nyumba imekatiwa bima, soma hati yake wiki hii, maana bima nyingi hupunguza au husimamisha fidia nyumba inapokaa bila mtu kwa muda fulani, na miezi minne ni mingi. Wajulishe pia mtakapompangisha mtu. Risiti za dalali na za mafundi ziwekeni, kwani katika sehemu nyingi huondolewa kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi ya mapato.

Nikirudi kwa wale wawili: kwa uliyonisimulia, mimi ningeanza na yule mama. Ofisi yake haikunivutia sana, kwa kuwa ofisi yoyote hukodishwa. Kilichonivutia ni lile swali la paa. Aliyeuliza paa lilikarabatiwa lini anafikiria mvua ijayo, yaani anajiona bado yupo kazini mvua hiyo itakaponyesha. Hata hivyo usimfungie mlango yule wa dakika kumi. Huenda alikuwa na haraka siku hiyo, na ujira wake ni nafuu kama mpangaji atadumu. Mpelekee karatasi yake ikiwa imerekebishwa, nyote wawili mkiwa mmeisoma, na maneno haya yameongezwa: "Mkataba huu utadumu kwa wiki sita na utakoma bila taarifa. Kodi na amana zitalipwa moja kwa moja katika akaunti ya wenye nyumba. Ujira wa dalali ni kodi ya mwezi mmoja, nusu italipwa siku ya makabidhiano na nusu mpangaji atakapokuwa amelipa kodi ya mwezi wa tatu. Mpangaji akihama au akiacha kulipa ndani ya miezi sita bila kosa la wenye nyumba, dalali atatafuta mwingine bila malipo."

Atabishana kuhusu wiki sita, mkaribie nane. Akikataa kwamba fedha ziingie kwenu, au nusu ya pili isubiri mwezi wa tatu, mshukuru kwa muda wake na umpigie mama simu siku hiyo hiyo.

Mshauri